Ubao wa Katoni: Uchambuzi wa Kisa cha Kikosi cha Usiku Dukani

Kisa hiki ni cha wapanga bidhaa wa zamu ya usiku katika duka kubwa la kujihudumia. Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika vimeondolewa. Mfuatano wa matukio, na sababu ambazo kila upande ulizitoa, nimeuacha kama ulivyokuwa. Niliitwa na uongozi baada ya mambo kuharibika, nikakaa na kikosi usiku kwa usiku, kisha nikashiriki kupanga hatua zilizofuata. Nawaandikia wasimamizi na maofisa rasilimali watu ambao wana watu wanaofanya kazi wakati wao wamelala.

Usuli

Duka hufungwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa moja asubuhi. Kikosi cha usiku, watu kumi na mmoja pamoja na msimamizi wao, huingia saa nne. Lori la mzigo hufika muda mfupi baadaye. Wawili hushusha, wakaburuta paleti, yaani majukwaa yaliyopangiwa katoni, kwa toroli la mkono hadi kwenye vichwa vya safu, na wengine huanza kukata katoni na kujaza rafu. Kabla ya mchana kuingia wanatakiwa wawe wamemaliza mzigo, wamebana maboksi matupu kwenye mashine, wamevuta bidhaa zote mbele ili rafu ionekane imejaa, na wamerudisha mahali pake kila kitu ambacho wateja wa jana walikiacha ovyo.

Asiyewahi kuifanya kazi hii huiona ni ya aina moja, kumbe kila safu ina shida yake. Katoni ya karatasi za chooni ni kubwa na nyepesi. Mtu anaifungua na kuimaliza kwa mkono mmoja. Katoni ya vipodozi ni ndogo, lakini ndani yake mna vichupa vya rangi na harufu mbalimbali, kila kimoja na kijishimo chake kwenye rafu, na lebo za kusoma moja baada ya nyingine. Vinywaji na maji ni uzito mtupu tangu mwanzo wa usiku hadi mwisho. Maziwa na vya kugandisha vinakimbizana na saa: maziwa yanatakiwa yasizidi nyuzi joto 5, vya kugandisha vibaki nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila dakika paleti inapokaa nje ya chumba cha baridi ni hasara inayokaribia.

Kikosi hiki kilikuwa kimekaa pamoja muda mrefu, na kilikuwa na mila ambazo hazikuandikwa popote. Nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo kiini cha kisa.

Ya kwanza ilikuwa mzigo wa baridi kwanza. Paleti ya maziwa ikishuka, kila mtu anaacha alichoshika, wanaisukuma ndani pamoja, ndipo wanarudi kwenye safu zao.

Ya pili waliita kuchangiana. Baada ya mapumziko ya saa saba usiku, aliyemaliza safu yake hakukaa. Alimfuata ambaye bado yuko chini, wakawa wawili. Anayefuata kumaliza akawafuata, wakawa watatu. Ikifika saa kumi alfajiri hapakuwa na mtu peke yake katika safu yoyote. Hakuna aliyeweza kuniambia nani aliianzisha. Mzee mmoja wa safu ya vinywaji, nilipomuuliza akiwa ameshaacha kazi, alinijibu tu, "Saa ile ukimwacha mwenzako peke yake, analala amesimama."

Ya tatu ilikuwa mapumziko ya pamoja, wote meza moja. Na ya nne, daftari. Kila asubuhi mmoja wao aliandika kwenye daftari la makabidhiano ni nini hakikufika, rafu gani ina lebo isiyolingana na bidhaa, friji gani inavuja.

Sasa upande wa pili wa mila hizo, maana sitaki msomaji adhani zilikuwa njema zote. Mgeni alipelekwa kwenye vinywaji na akabaki huko mpaka aje mgeni mwingine. Wakongwe walijimilikisha karatasi na vitafunwa. Maumivu hayakusemwa: aliyeteguka kiuno alifunga kitambaa akaendelea, na kumbukumbu za ajali za duka zilikuwa karibu tupu. Mwanamke pekee kikosini aliwekwa kwenye vipodozi mwaka baada ya mwaka, eti wanamhurumia. Huruma hiyo ilimnyima nafasi ya kujifunza kuendesha mashine ya kunyanyulia paleti, na pasipo hiyo mtu hawezi kupandishwa kuwa msimamizi wa zamu.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Meneja mpya alikuta malalamiko mawili mezani. Saa za ziada za zamu ya usiku zilikuwa zikipanda, na asubuhi nyingine duka lilifunguliwa likiwa na mapengo kwenye rafu. Alitazama picha za kamera. Aliona kwamba saa tisa usiku safu saba hazina mtu, na katika safu ya nane wamesimama watu watatu, wanaongea. Akahitimisha kwamba kuna uzembe.

Nataka kumtendea haki. Hakuwa mtu wa chuki. Wawili katika kikosi kweli walikuwa wakijificha nyuma ya kuchangiana, wakichelewa makusudi kwa kujua watasaidiwa. Upendeleo wa wakongwe ulimkera, na alidhani namba hazina upendeleo. Makao makuu nayo yalimtaka aonyeshe tija kwa kila mfanyakazi.

Aliamua mambo matatu. Kila mtu apewe safu yake ya kudumu. Kila mtu apimwe kwa idadi ya katoni kwa saa, na matokeo yabandikwe kwenye ubao nje ya chumba cha mapumziko. Mapumziko yachukuliwe kwa zamu, wawili wawili, ili sakafu isibaki bila watu.

Namna tangazo lilivyotolewa inastahili kuangaliwa. Kikosi kiliitwa saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku mzima wa kazi, kikasomewa utaratibu mpya kikiwa kimesimama karibu na lango la wafanyakazi. Hakuna aliyeuliza swali. Meneja aliniambia kwamba alichukulia ukimya ule kama kukubali. Wao waliniambia walikuwa wanawahi usafiri.

Mfuatano wa matukio

Wiki za kwanza namba zilipanda, na meneja alipongezwa.

Kisha watu wakaanza kufika mapema kuwahi paleti. Safu zilikuwa za kudumu, lakini paleti nyingi hushuka na bidhaa mchanganyiko, na palikuwa na nafasi ya kuchagua nani anachukua zipi. Katoni nyepesi zikagombewa. Zile za taabu zikaandikiwa "rafu imejaa" na kurudishwa stoo, hata rafu ilipokuwa na nafasi. Stoo ikaanza kufurika bidhaa ambazo mfumo wa kompyuta ulionyesha ziko dukani, kwa hiyo mfumo haukuagiza nyingine, na mapengo kwenye rafu yakaongezeka. Yaani tatizo ambalo ubao uliletwa kulitibu likawa kubwa zaidi, huku ubao wenyewe ukionyesha ushindi.

Mzunguko wa bidhaa ukafuata. Kanuni ya kazi hii ni kwamba kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka: unavuta cha zamani mbele, unaweka kipya nyuma. Inachukua muda, na ubao haukuuhesabu muda huo. Wakaanza kusukumiza kipya mbele. Baada ya majuma kadhaa zamu ya mchana ikakuta bidhaa zilizokwisha muda zimejificha nyuma ya rafu, na lawama ikaenda kwa usiku kwa jumla kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani hasa.

Mashine ya kubana maboksi nayo ikakosa mwenyewe. Kusimama pale ni dakika ambazo hazipandishi katoni hata moja. Maboksi matupu yakalundikwa kwenye ukuta wa nyuma, na usiku mmoja nilikuta yamefunika mlango wa dharura nusu nzima. Hili ndilo lililoniogopesha kuliko yote niliyoyaona pale, kwa sababu milango ya mbele hufungwa usiku na njia za kutoka ni chache.

Usiku mwingine paleti ya maziwa ilibaki sakafuni karibu na geti la kupokelea mzigo. Kila mmoja aliiona. Kila mmoja alijua kwamba akiisogeza, dakika zake zinapotea ubaoni na mwenzake anapanda. Ilipopimwa joto ilikuwa imeshapita kiwango, na yote ikatupwa.

Daftari la makabidhiano likabaki tupu.

Halafu ikaja ajali. Kijana mgeni wa safu ya vinywaji alikuwa peke yake, saa kumi na nusu alfajiri. Wenzake wawili wa karibu walikuwa mapumzikoni kwa utaratibu mpya. Hakuwa amelala mchana uliotangulia kwa sababu ya shughuli ya familia. Aliona paleti imeinama upande, akaivuta badala ya kuanza kuipunguza juu, nayo ikamwagika ikamvunja mfupa wa mguu. Aliita, lakini mashine ya kusafisha sakafu ilikuwa ikinguruma, na aliyemkuta baadaye ni mfanya usafi aliyepita kwa bahati.

Ndani ya kipindi kifupi baada ya hapo watatu waliacha kazi, mmoja wao yule mzee wa vinywaji. Ndipo nikaitwa.

Uamuzi wa pili

Nilimwomba meneja mambo mawili kabla ya yote: mazungumzo yafanyike ndani ya saa za zamu, na muda huo ulipwe. Alikubali. Niliwauliza watu mmoja mmoja swali lile lile: usiku uliopita ulimsaidia nani, na nani alikusaidia wewe? Wengi walinyamaza kwanza. Kisha wakaanza kunisimulia habari za zamani, na hivyo ndivyo nilivyoifahamu mila ya kuchangiana, ambayo meneja hakuwahi kuisikia. Tulirudi pamoja kwenye picha zake za kamera. Wale watatu wa saa tisa usiku walikuwa wanaongea, ndiyo, na mikono yao sita ilikuwa inafanya kazi. Safu saba hazikuwa na mtu kwa sababu zilikuwa zimekamilika.

Baada ya majadiliano marefu, na mabishano pia, tulikubaliana hivi.

Ubao wa mtu mmoja mmoja uliondolewa. Kikosi kizima sasa kinapimwa kwa hali ya duka linapofunguliwa: mapengo mangapi kwenye rafu, bidhaa ngapi zimepitwa na wakati, kiasi gani kimebaki stoo bila sababu, na kama mlango wa dharura uko wazi. Wafanyakazi wenyewe walikaa wakakadiria kila aina ya mzigo unahitaji dakika ngapi, ili paleti ya vipodozi isilinganishwe tena na ya karatasi. Kuchangiana kuliandikwa kuwa sehemu ya kazi, na msimamizi akapewa wajibu wa kuhakikisha kwamba tangu saa tisa usiku hakuna aliye peke yake. Mzigo wa baridi kwanza uliandikwa pia. Mapumziko yakarudi kuwa ya pamoja.

Kuhusu uzito, nilitumia kikomo cha kilo 23 kinachotokana na mlinganyo wa kunyanyua mizigo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Hicho ni kiwango cha juu kwa hali nzuri kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili na bila kujipinda. Kwenye rafu ya chini kabisa au ya juu ya bega kinapaswa kushuka. Kinachokizidi kinabebwa na wawili.

Safu nzito ziliwekwa kwenye mzunguko wa kila wiki, wakongwe wakiwemo. Hapa ndipo mabishano yalipokuwa makali kuliko kwingine. Mkongwe mmoja aliniambia usoni, "Nimeshabeba maji miaka yangu, sasa zamu ya watoto." Nilimwelewa, lakini sikukubaliana naye.

Matokeo

Stoo ilipungua polepole. Mapengo ya asubuhi yalipungua, ingawa hayakwisha, kwa kuwa mengine yalitokana na uagizaji ambao kikosi hakina mamlaka nao. Bidhaa zilizokwisha muda zilikaribia kutoweka kwenye rafu. Daftari lilianza tena kuandikwa, safari hii na zamu ya mchana nayo ikajibu ndani yake.

Taarifa za kuumia ziliongezeka, na makao makuu yakashtuka. Nililazimika kueleza kwa maandishi kwamba migongo haikuanza kuuma mwezi ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu sasa anaweza kusema kiuno kinamuuma bila kuonekana amewasaliti wenzake. Bado sina hakika kama waliosoma maelezo yale waliyakubali.

Mzunguko wa safu ulifanikiwa nusu. Wakongwe wawili walikuwa wakibadilishana kimyakimya na vijana ili warudi kwenye karatasi, na msimamizi alifumba macho. Lakini yule dada wa vipodozi aliichukua wiki yake ya vinywaji, akaomba mafunzo ya mashine ya kunyanyulia, akayapata.

Uchambuzi

Kosa la ubao halikuwa kupima. Kikosi chenyewe kilikuwa kinajipima kila usiku. Kila mtu alijua nani mzembe na nani hodari, na walikuwa na njia zao za kumkumbusha mzembe. Kosa lilikuwa kuhesabu kitu kimoja katika kazi yenye vitu ishirini, na kukihesabu kwa mtu mmoja mmoja katika kazi ambayo watu wameigawana. Kubana maboksi, kuvuta cha zamani mbele, kusogeza paleti ya maziwa, kuandika kwenye daftari: vyote hivi havina katoni. Mara vilipokosa thamani ubaoni vilikosa mtendaji, na wala hapakuwa na njama. Niliwasikiliza kwa makini nikitafuta dalili za hujuma, sikuona. Waliitii ile namba sawasawa na walivyoagizwa.

Jambo la pili ni saa. Joto la mwili hushuka kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri, na uangalifu hushuka pamoja nalo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya kiasi cha mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Yule kijana alikuwa amekaa macho muda mrefu kuliko huo. Kuchangiana kulikuwa kumewakusanya watu pamoja katika saa hizo hizo za hatari, na mapumziko ya zamu yakawatawanya. Meneja aliondoa kinga bila kujua kwamba ni kinga, kwa sababu ilionekana kama maongezi.

Pia alikuwa hajawahi kukaa usiku mmoja kamili dukani. Aliijua zamu ile kwa picha zisizo na sauti na kwa hali ya rafu asubuhi. Hili nimeliona mahali pengi: vikao, mafunzo, hata sherehe za kuwaaga wastaafu hupangwa mchana, na watu wa usiku huletewa matokeo tu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za usiku, namba 171 wa mwaka 1990, unamtaka mwajiri kushauriana na wawakilishi wa wafanyakazi kabla ya kuanzisha ratiba za usiku na namna kazi hiyo inavyopangwa. Tangazo la dakika chache langoni, mbele ya watu waliochoka, si mashauriano.

Hatua zetu nazo zina udhaifu. Kuandika mila kwenye kanuni kunaibadilisha. Vijana wawili waliniambia kwamba sasa wanasaidia kwa sababu ni agizo, na kwamba msimamizi akiwa mbali hawaharakishi kama zamani. Mzee wa vinywaji hakurudi, na maarifa yake aliondoka nayo. Hakuna sentensi ya kanuni inayomfundisha mgeni kuitambua paleti iliyopangwa vibaya kwa kuitazama tu. Tulipaswa kuwa na fungu la kumrudisha hata kwa muda awe mfundishaji. Niliomba, halikupatikana.

Yaliyobaki

Mambo mawili hayajafikia mwisho. La kwanza ni uchunguzi wa afya. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka kazi ya usiku katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 ikauthibitisha uainishaji huo. Mkataba namba 171 unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kupimwa afya bila malipo akiomba, kabla ya kuanza na kwa vipindi baadaye. Uongozi umekubali kwa wageni pekee. Wakongwe, ambao ndio wamekaa usiku miaka mingi, wamewekwa kwenye bajeti ijayo.

La pili ni pumziko fupi la saa kumi alfajiri. Kikosi kiliomba dakika 20 za kulala kwenye kiti kabla ya saa ya mwisho. Meneja alikataa, akisema hawezi kumweleza mkuu wake kwamba watu wanalipwa wakiwa wamelala. Nilimpa hoja za usalama, akazipokea. Alichokubali ni dakika 15 za kukaa na kunywa kitu cha moto, taa zikiwa zimewashwa zote, kwa majaribio ya robo mwaka. Msimamizi wa zamu anaweka kumbukumbu ya ajali ndogo na bidhaa zilizovunjika kabla na baada ya pumziko hilo, na yule dada aliyetoka vipodozi ndiye anayemsaidia kuzijaza.